Msaada wa Kiufundi kutoka Silibwet: Blokucheni, Kazi ya Mbali na Suala la Lugha

Silibwet ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Bomet, karibu na mji wa Bomet wenyewe. Wenyeji wake wengi ni Wakipsigis, na kwa aghalabu yao chai ndiyo uti wa mgongo wa riziki: majani huchumwa, hupimwa kituoni, mkulima hupewa risiti yake, na bonasi husubiriwa mwaka mzima. Katika mazingira hayohayo, kijana aliyehitimu chuo kikuu na kurejea nyumbani anaweza leo kupata kipato kwa njia ambayo babu yake huenda asingeiita kazi, yaani kuketi mbele ya tarakilishi usiku kucha akijibu maswali ya wateja wa kampuni isiyo na ofisi popote nchini. Makala hii inakusudia kueleza kazi ya aina hiyo katika kampuni za blokucheni, na kwa nini wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuitazama kwa makini.

Kwanza, blokucheni ni nini? Mfano wa risiti za chai unatosha kutufungulia mlango. Tuseme kwamba kila uzani wa majani unaandikwa katika daftari, na kila ukurasa wa daftari hilo unaanza kwa muhtasari wa ukurasa uliotangulia. Tuseme tena kwamba daftari hilo halikai kwa karani mmoja, bali kila mkulima ana nakala yake, na nakala zote hulinganishwa kila mara. Karani akitaka kufuta kilo kumi za mwezi uliopita, atalazimika kubadilisha kurasa zote zilizofuata, katika nakala za watu wengi ambao hawakumpa ruhusa. Hiyo ndiyo blokucheni: daftari la miamala lenye nakala nyingi, lisilo na karani mkuu. Waraka wa Bitcoin, ambao ndio uliolitia wazo hili katika matumizi, ulitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, na ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ukaandikwa tarehe 3 Januari 2009. (Ingewezekana kuiita mnyororo wa vitalu, lakini kwa mkulima wa Silibwet kitalu ni mahali pa kuoteshea miche, na mnyororo wa miche haumwelezi lolote.)

Kazi yenyewe isingewezekana kijijini kabla ya mwaka 2009, ambapo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwaelekeza vijana katika kazi za mtandaoni. Tangu hapo mhitaji wa kazi anahitaji kipakatalishi, modemu au rununu ya kuunganishia intaneti, na njia ya kukabiliana na umeme unaokatika mvua inapochacha.

Mtoa msaada hufanya nini? Watumiaji wa programu za blokucheni hukusanyika katika makundi ya Telegram na Discord, na humo huuliza. Mmoja ametuma sarafu na hazijafika. Mwingine amefungua pochi yake ya kidijitali akaikuta tupu. Wa tatu ametuma kupitia mtandao usio sahihi. Mtoa msaada huomba namba ya muamala, ambayo katika Ethereum ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64 baada ya alama mbili za mwanzo, kisha huitafuta katika daftari la hadhara na kueleza kilichotokea: ada iliyolipwa ni ndogo, muamala ungali foleni, au sarafu zimefika, ila pochi haijaelekezwa kuzionyesha. Mambo mengi huishia hapo, na mtumiaji huondoka ameridhika. Saa nazo ni ngumu. Saa kumi za alasiri huko California wakati wa kipupwe ni saa tisa za usiku Silibwet.

Ugumu halisi huanza pale ambapo jibu la kweli ni kwamba hakuna linaloweza kufanyika. Mkenya amezoea M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007. Akituma pesa kwa namba isiyo yake, hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 na kuomba pesa zirejeshwe. Wakati mwingine hufanikiwa, kwa kuwa nyuma ya huduma kuna kampuni yenye uwezo wa kuzuia na kurudisha. Katika blokucheni hakuna karani wa kuombwa. Mtu aliyepoteza karo ya mwanawe kwa kukosea anwani ataandika, "Naomba mnirudishie," na mtoa msaada lazima amjibu kwamba hata kampuni haiwezi. Hapa Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina: pole. Anayeandika "pole sana" hajakiri kosa wala hajaahidi fidia, ila amesimama upande wa aliyepatwa. Miongozo ya majibu inayoandikwa kwa Kiingereza hutaka radhi iombwe, na radhi ikitafsiriwa neno kwa neno humfanya msomaji Mswahili aamini kwamba kampuni imekubali kosa na pesa ziko njiani.

Hatari kubwa zaidi ni matapeli. Tapeli huiga jina na picha ya mtoa msaada, labda kwa kubadilisha herufi moja tu, kisha humwandikia mwathiriwa faraghani kabla yeye hajauliza. Humtaka ataje maneno yake ya siri ili "amsaidie." Maneno hayo, ambayo kwa kawaida huwa 12 au 24, ndiyo ufunguo wa pochi yote, na mwenye kuyajua ndiye mwenye mali. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mtoa msaada hayaulizi maneno hayo kamwe wala haanzi yeye mazungumzo ya faragha. Anayekiuka kanuni hii, hata kwa nia njema, huwazoesha watumiaji kumwamini tapeli wa kesho.

Maneno hayo ya siri yanastahili kuangaliwa kwa jicho la kiisimu. Huteuliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, na kanuni iitwayo BIP-39 ina orodha kumi: Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki, Kireno, na mbili za Kichina. Hakuna hata moja ya lugha ya Kiafrika. Mama mfanyabiashara asiyesoma Kiingereza hulazimika kunakili maneno 12 asiyoyaelewa, na herufi moja ikikosewa pochi haifunguki.

Je, orodha ya Kiswahili ingeundwaje? Si kazi ya kufungua kamusi na kuchota maneno. Orodha ya Kiingereza ilipangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kutambulisha kila neno. Kiswahili, kwa kuwa huweka viambishi mbele ya mzizi, kinakataa mpango huo: kitabu, kitanda, kitambaa na kitalu vyote huanza kwa "kita", majibu, majira na majivu huanza kwa "maji," ambalo nalo ni neno. Katika kila kundi lingebaki neno moja tu. Isitoshe, umoja na wingi ni mtego: aliyepewa "kiti" anaweza kukumbuka "viti." Pengine ingefaa kuegemea majina yasiyobadilika katika wingi, kama vile barua, chumvi, meza na sukari. Hilo ni swali la mofolojia kabla ya kuwa swali la tarakilishi, na wahandisi hawawezi kulijibu peke yao.

Kwamba watumiaji wa aina hiyo wapo si dhana tu. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, wakazi walianza kutumia hati za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa kubadilishana bidhaa pesa zilipoadimika. Mradi huo ulikua ukawa Sarafu, iliyohifadhiwa katika blokucheni na kutumiwa hata kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ilikuwa na watumiaji takriban 40,000. Watu hao hawasaidiwi kwa istilahi za Kiingereza.

Lipo pia suala la ujira. Kampuni nyingi za namna hii hulipa kwa sarafu za kidijitali zinazofungamanishwa na dola, na kijana huziuza kwa mnunuzi ili apate shilingi katika M-Pesa. Nyingine hulipa kwa sarafu zao wenyewe, na hapo ndipo penye shimo. Mei 2022 sarafu ya UST, iliyodaiwa kuwa sawa na dola moja, iliporomoka pamoja na Luna. Novemba mwaka huohuo soko la FTX likafilisika. Nyakati kama hizo mtoa msaada hupigwa mara mbili: ndiye wa kwanza kutukanwa na wateja, na mshahara wake unayeyuka pamoja na akiba zao.

Sheria nayo imechelewa. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliuonya umma dhidi ya Bitcoin. Mwaka 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 juu ya thamani ya mali ya kidijitali inayohamishwa, ambayo mwaka 2025 iliondolewa na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Oktoba 2025 sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizo ilitiwa saini. Lengo la sheria hiyo ni leseni na usimamizi wa kampuni. Mkataba wa kijana wa Silibwet, kama upo, ungali baruapepe moja kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuonana naye.