UMEME WA KIJIJI: USIFICHE RESHO

Kabla ya kusimamisha nguzo za umeme kijijini, fundi hupita nyumba kwa nyumba akiuliza: taa ngapi? pasi? resho? Wengine huficha resho, wakiogopa kulipa zaidi.

Hesabuni basi. Resho moja ya wati 1,000, kwa volti 220, huvuta ampea 4 na nusu hivi. Nyumba 20 zikipika pamoja jioni, ni ampea 90! Waya uliochaguliwa kwa ajili ya taa tu utapata joto, mpira wake utayeyuka, shaba itabaki wazi ukutani, pale watoto wanapocheza. Vidonda vya umeme tunavijua sana hapa dispansari.

Mama, saa za kupika unazijua wewe kuliko bwana. Umjibu fundi wewe. Na mtu akinaswa, msimguse: kateni umeme kwanza.