Karachi hadi Dacca: Njia Iliyozunguka Ceylon

Mtu akiweka rula juu ya ramani ya Asia, kutoka Karachi hadi Dacca, mji ambao tangu mwaka 1982 huandikwa Dhaka, atapata umbali upatao kilomita 2,370. Kwa ndege ya jeti huo ni mwendo wa muda wa saa tatu hivi. Lakini katikati ipo India.

Tangu mwaka 1947 hadi 1971 miji hiyo ilikuwa ya nchi moja, Pakistan, yenye sehemu mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Makao makuu ya serikali na ya jeshi yalikuwa Magharibi. Watu walio wengi walikaa Mashariki. Ndege iliyotaka kunyoosha njia ilipita kwa ridhaa ya jirani ambaye Pakistan ilikwisha kupigana naye mara mbili.

Tarehe 30 Januari 1971 ndege ya abiria ya India, iliyotoka Srinagar kwenda Jammu, ilitekwa nyara ikapelekwa Lahore. Abiria walinusurika, lakini ndege ilichomwa moto. Siku chache baadaye India iliifunga anga yake kwa ndege za Pakistan.

Basi ikabidi ndege zitoke Karachi zifuate bahari kuelekea kusini, zitue Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, kutia mafuta, kisha zipande kaskazini juu ya Ghuba ya Bengal. Njia hiyo ilizidi kilomita 4,600, yaani takribani mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa msafiri wa kawaida hiyo ilikuwa adha. Kwa ofisa wa ugavi ilikuwa hesabu nyingine kabisa, na wale miongoni mwenu waliowahi kupanga malori na mafuta wataielewa upesi: kikosi ambacho ndege 10 zingekifikisha kwa siku moja, sasa kilihitaji siku mbili, au ndege 20.

Hata hivyo askari walisafirishwa. Mwezi Machi 1971, wakati mazungumzo kuhusu matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1970 yakiendelea, ndege za abiria zilipeleka majeshi Dacca kwa kupitia Colombo, na usiku wa tarehe 25 operesheni dhidi ya wananchi wa Mashariki ikaanza. Vifaru na mizinga mizito havikuweza kupakiwa humo. Vilihitaji meli, na meli nayo ilikizunguka kisiwa kile kile.

Desemba vita na India vilipozuka, manowari za India ziliifunga Ghuba ya Bengal, na uwanja wa ndege wa Dacca ukapigwa mabomu hadi ukashindwa kutumika. Tarehe 16 Jenerali Niazi alitia saini ya kusalimu amri, na Bangladesh ikawa nchi huru. Mateka walikuwa wapatao 93,000, askari pamoja na raia. Walirudishwa kwao mwaka 1973 na 1974, kwa nchi kavu, wakipitia India hadi mpaka wa Wagah.