Mwanafunzi mgeni Marekani na makala ya kushawishi

Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi, hupewa darasani kazi inayowatatiza: kuandika makala ya jarida yenye kumshawishi msomaji. Kikwazo si Kiingereza pekee. Aliyezoea insha za Afrika Mashariki huenda akaanza kwa methali na kuuweka msimamo wake mwishoni. Mhariri wa Marekani huuona mtindo huo kuwa ni kuzunguka mbuyu. Hutaka msimamo katika aya za mwanzo.

Je, makala ya aina hiyo huandikwaje?

Jambo la kwanza ni kudai kitu ambacho mtu fulani ana mamlaka ya kukitekeleza. Mjini Louisville, tarehe 9 Agosti 2023, ratiba mpya ya mabasi ya shule ilivurugika siku ya kwanza ya masomo, na baadhi ya watoto walifika nyumbani karibu saa nne usiku. Mwaka uliofuata, kutokana na uhaba wa madereva, bodi ya elimu iliamua kuondoa mabasi kwa wanafunzi wa shule nyingi maalumu za kuchagua. Kuandika kwamba usafiri ni muhimu hakumshawishi yeyote, kwa kuwa hakuna anayepinga. Kuitaka bodi iwarejeshee mabasi wanafunzi ambao kwao hakuna gari, na kueleza madereva watapatikanaje, ni hoja.

La pili ni kumtendea haki mpinzani. Sanamu ya Christopher Columbus, iliyotolewa zawadi na wananchi wa Genoa, Italia, mwaka 1955, iliondolewa mbele ya ofisi za manispaa ya Columbus tarehe 1 Julai 2020. Waliounga mkono hatua hiyo walitaja dhuluma walizotendewa wenyeji wa Amerika. Wengine waliiona sanamu kuwa ni kumbukumbu ya wahamiaji wa Kiitaliano. Mwandishi wa upande wowote hana budi kuieleza hoja ya mwenzake kwa nguvu zake zote, ndipo aijibu.

La tatu ni ushahidi. Tarehe 14 Mei 2022, mtu mwenye silaha aliwaua Wamarekani weusi 10 katika duka la vyakula la Tops mjini Buffalo. Duka lilifungwa kwa takriban miezi 2, na wakazi wa mtaa huo wakabaki bila duka jingine kubwa la vyakula karibu nao. Ukweli huo mmoja unaeleza ukosefu wa usawa kuliko vivumishi kumi.

Ushahidi pia ni ngao. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1988 unawaruhusu wakuu wa shule za umma kuzuia makala katika magazeti yanayodhaminiwa na shule, iwapo wana sababu za kielimu. Makala yenye tarehe na takwimu sahihi ni vigumu kuikataa kwa kisingizio cha uandishi duni.

Nayo methali haitupwi. Ikija baada ya ushahidi, humwachia msomaji neno la kukumbuka. Kwa familia ambayo mtoto ndiye pekee anayejua Kiingereza, huenda makala hiyo ikawa ndiyo sauti yao ya kwanza mbele ya wakuu wa mji.