Kabla Fundi Hajaifuta Kompyuta ya Familia

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi wa Dar es Salaam huelekea Kariakoo kuwatafutia vijana wao kompyuta mpakato zilizotumika. Mashine ikifika nyumbani huwa ya familia nzima: humo mna kazi za chuo, hesabu za biashara ya mama, darsa zilizorekodiwa Ramadhani, na picha za wazee waliotangulia mbele ya haki.

Siku moja kompyuta hiyo huwashwa, ikatoa maandishi tu kwamba haioni diski ya kuanzia. Hupelekwa kwa fundi, naye husema: "Windows imekufa, tuifute tuweke nyingine." Bei hupatanwa, wala hakuna aulizaye juu ya vilivyomo. Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wasite kidogo.

Huenda hakuna kilichokufa. Kila kompyuta ina programu ndogo inayoiamsha kabla ya Windows. Ya zamani, BIOS, ilikuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Husoma mwanzo kabisa wa diski iliyopangwa kwa jedwali la MBR. Ya sasa, UEFI, hutafuta faili la kuanzia katika sehemu maalumu ya diski, ambayo kwa kawaida imepangwa kwa jedwali la GPT. Mashine nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika zina njia zote mbili, ile ya zamani ikiandikwa Legacy. Windows iliyowekwa kwa njia moja kwa kawaida haiwaki kwa nyingine. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, au mtu akichezea mipangilio, njia huweza kubadilika, hali ya kuwa mafaili yote yangali salama mahali pake.

Basi la kwanza ni kumwomba fundi aingie katika mipangilio, kwa F2, F10 au kitufe kingine kulingana na aina ya mashine, airudishe njia ya awali na kujaribu. Kugeuza njia peke yake hakufuti kitu. Ila diski iliyofungwa kwa BitLocker yaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, uandikeni mapema.

Jambo hili limezidi uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 hudai UEFI, pamoja na kifaa cha usalama TPM 2.0 na prosesa inayokubalika. Ulizeni hayo kabla ya kulipa, kwani kugeuza njia hakuifanyi mashine kongwe ikubalike. Ikikubalika, Windows 10 tangu toleo la 2017 ina zana iitwayo MBR2GPT, inayobadili jedwali la diski bila kufuta mafaili. Hata hivyo, nakilini kwanza kila kitu kwenye diski ya nje.

Kwa ndugu zetu mafundi tuna neno moja. Mteja anapokukabidhi kompyuta, amekukabidhi pia vilivyomo, na hiyo ni amana utakayoulizwa. Kufuta ni kazi ya nusu saa. Picha ya marehemu mzazi hairudi kwa bei yoyote. Mwulize mwenyewe kwanza.

Wabillahi tawfiq.