Anataka Kuacha Pombe: Kikundi Akitafute Wapi?

Karibu kila parokia ina familia inayoijua habari hii. Baba ameapa mbele ya watoto kwamba pombe basi. Wiki mbili nyumba inatulia. Kisha mshahara unatoka, au rafiki anampitia jioni, na kiapo kinavunjika. Majirani husema hana aibu. Mara nyingi aibu anayo tele. Anachokosa ni wenzake wa kusafiri naye. Mama anayekunywa kwa kujificha ana shida hiyo hiyo, tena maradufu.

Uraibu wa pombe ni ugonjwa, na vikundi vya kusaidiana ni sehemu ya tiba yake. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, maana yake walevi wasiotajwa majina.

Kilivyoanza

Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikutana na daktari mpasuaji, Bob Smith. Wote wawili pombe ilikuwa imewaharibia maisha. Bill alikuwa ameacha kwa miezi michache tu na alihofia kurudia. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko mwingine yeyote, na kwamba anayesaidia naye husaidika. Mwaka 1939 Sista Ignatia, mtawa wa Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo, alianza kushirikiana na Daktari Bob kuwalaza walevi na kuwatibu kama wagonjwa wengine.

Mwaka 2020 watafiti walichambua tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba njia ya AA husaidia watu kuacha kabisa sawa na tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingi kuzipita.

Kwanza hospitali

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona mganga. Mwili uliozoea pombe huweza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Katika siku mbili za kwanza degedege laweza kumpata. Baada ya hapo huenda akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Msimfungie chumbani ili “pombe imtoke”. Mpelekeni hospitali, ambako kuna dawa za kumvusha salama. Mkutano ufuate baadaye.

Pa kuulizia

1. Kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Wahudumu wake mara nyingi hujua vikundi vilivyo karibu.

2. Afisa ustawi wa jamii, au nyumba za kurekebisha waraibu.

3. Paroko. Vikundi vingi hukutana katika kumbi za makanisa. Muulizeni faraghani, wala jina la mgonjwa lisipelekwe kwenye jumuiya kama ombi la sala bila ridhaa yake.

4. Simu yenye intaneti. AA ina orodha ya mawasiliano ya nchi mbalimbali, na ipo mikutano inayofanyika kwa simu. Kwa walioko Kenya, NACADA ina namba ya bure, 1192.

Mkishapata kikundi, ulizeni siku, saa, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Wa wazi hupokea hata ndugu. Wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe peke yao.

Siku ya kwanza

Wengi huogopa kwamba watahojiwa. Sivyo. Hakuna kiingilio wala ada, ingawa kikapu huweza kupitishwa kwa hiari. Mtu hutaja jina moja tu, na akitaka kunyamaza atanyamaza. Sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. AA si ya dhehebu lolote, hivyo Mkatoliki atakaa pamoja na Mlutheri na Mwislamu. Yanayosemwa pale hubaki pale. Baadaye anaweza kumchagua mwanachama wa siku nyingi awe mlezi wake, mtu wa kumpigia simu hamu inapopanda usiku.

Asipoupenda mkutano wa kwanza, arudi tena au ajaribu kikundi kingine. Akianguka, arudi vilevile; hafukuzwi mtu kwa kuanguka.

Familia nayo

Mke, mume na watoto wa mlevi nao huumia. Kwa ajili yao kilianzishwa Al-Anon mwaka 1951, na baadaye Alateen kwa vijana. Humo mama hujifunza kwamba ulevi wa mumewe si kosa lake, na kwamba kumlipia madeni ya kilabuni hakumponyi. Panapokuwa na kipigo, usalama wa mama na watoto utangulie mambo yote.

Kama hakuna kikundi karibu

Kwa taratibu za AA, walevi wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanatosha kuwa kikundi. Parokia yaweza kuwaazima chumba kimoja jioni moja kwa wiki, ufunguo na viti, bila kuwauliza majina.

Nawe mwanafamilia, usimngoje mgonjwa atafute mwenyewe. Ulizia wiki hii, uandike siku na saa kwenye karatasi. Asubuhi atakapoamka hajanywa na kusema amechoka, mpe karatasi hiyo, na ujitolee kumsindikiza hadi mlangoni.