Vihesabio vya kichakataji: nani ana funguo?

Mhandisi akiambiwa seva inasuasua, kwanza hutazama matumizi ya kichakataji. Akikuta asilimia 100, huamua kwamba mashine imeelemewa, inunuliwe kubwa zaidi. Pengine fedha hizo zitapotea bure. Asilimia hiyo inasema tu kwamba programu fulani ilikuwa imeshika kichakataji. Haisemi kama kichakataji kilikuwa kinapiga hesabu au kinasubiri data ifike kutoka kumbukumbu kuu, safari inayoweza kula mizunguko zaidi ya mia mbili ya saa yake. Fundi anayengoja saruji iletwe naye huandikwa kwamba yuko kazini.

Anayeujua ukweli ni kichakataji chenyewe. Ndani yake mna vihesabio, rejista ndogo zinazoongeza moja kila tukio fulani linapotokea: amri imekamilika, data imekosekana kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya karibu), njia ambayo programu ingefuata imebashiriwa vibaya. Gawanya amri zilizokamilika kwa idadi ya mizunguko. Ukipata 0.3, kwenye kichakataji kinachoweza kumaliza amri nne kwa mzunguko mmoja, basi muda mwingi kinangoja, na mara nyingi kinachongojwa ni kumbukumbu. Hapo dawa ni kupanga upya data.

Intel iliweka vihesabio viwili kwenye kichakataji chake cha Pentium cha 1993, lakini maelezo ya kuvitumia ikawapa waliotia saini mkataba wa kutunza siri tu. Mwaka uliofuata Terje Mathisen, mtunga programu wa Norway, alivichokonoa mwenyewe na kuyaanika aliyoyapata katika jarida la Byte la Julai 1994. Siri ikaishia hapo.

Lakini kujua mlango ulipo si kuwa na ufunguo wake. Ili kuchagua tukio la kuhesabiwa lazima uandike kwenye rejista maalumu, na katika vichakataji vya Intel na AMD anayeruhusiwa kuandika humo ni keneli, kiini cha mfumo endeshi, peke yake. Kuna sababu. Kihesabio ni mali ya kichakataji, hakijui programu ni ya nani. Keneli hubadilisha programu mara nyingi kwa sekunde. Asipokuwapo wa kuhifadhi hesabu ya anayetoka na kurejesha ya anayeingia, utalipishwa deni la jirani. Na programu mbili zikikitaka kihesabio kimoja, kila moja itafuta kilichoandikwa na nyingine.

Linux ilikaa miaka mingi bila jibu moja. Perfctr ya Mikael Pettersson na perfmon2 ya Stéphane Eranian zilibaki viraka nje ya keneli rasmi. Kisha Desemba 2008 Thomas Gleixner na Ingo Molnar walileta pendekezo jingine kabisa, na kufikia Septemba 2009 lilikuwa ndani ya Linux 2.6.31. Kazi ya miaka ya perfmon2 ikawekwa kando, jambo ambalo halikuwafurahisha wote.

Hata hivyo, kwa maoni yangu wazo lililoshinda lilistahili. Programu haigusi rejista. Inaiomba keneli, kwa wito mmoja uitwao perf_event_open, iihesabie tukio fulani la mchakato fulani, na inarudishiwa kihesabio kama faili: unakisoma, unakifunga, basi. Wito ni uleule kwenye Intel, AMD au ARM, na keneli ndiyo inayohangaika na tofauti za vyuma.

Keneli pia hugawa kilicho haba. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha Skylake vina vihesabio vinne vya matumizi ya jumla kwa kila uzi, na vitatu vyenye kazi maalumu isiyobadilika. Ukiomba matukio kumi, yatapeana zamu. Tukio lililohesabiwa robo ya muda huzidishwa kwa nne, kwa hiyo unachosoma ni makadirio. Programu ya perf, chombo cha Linux cha kusomea vihesabio hivi, huandika asilimia ya muda huo pembeni. Watu wengi hawaitazami, kisha hubishana juu ya tarakimu ya mwisho.

Mlango huu nao umewahi kuvunjwa. Mwaka 2013 iligundulika kasoro, CVE-2013-2094: keneli ilipokea namba ya tukio yenye biti 64, ikaikagua kama namba ya biti 32, namba hasi ikapita ukaguzi, halafu namba ileile ikatumika kutafuta nafasi kwenye jedwali. Mtumiaji wa kawaida aliweza kujifanya msimamizi mkuu. Mwaka 2020 shambulio la Platypus lilionyesha kwamba mita za nishati za Intel, ambazo Linux ilimwachia kila mtumiaji azisome, zingeweza kufichua funguo za usimbaji. Zikafungwa, zikabaki kwa msimamizi. Mwaka huohuo Linux 5.8 ilileta ruhusa ya pekee, CAP_PERFMON, ili anayetaka kupima tu asilazimike kupewa mamlaka yote.

Kwenye mashine yako, soma faili /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid. Ukikuta 2, unaweza kupima programu zako lakini si keneli. Ukikuta 3, kama ilivyo Debian, mtumiaji wa kawaida hapimi chochote. Na ikiwa umekodi mashine pepe na perf inasema tukio halipatikani, usiisumbue Linux: muulize mwenye mashine halisi, kwa maana ndiye anayeamua kama vihesabio vikufikie.