Kiko cha Bwana Msa kilitoka wapi? (2)

Juma lililopita tuliishia kwenye shutuma kwamba Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alimchukua Sherlock Holmes mzimamzima, akambandika jina la Bwana Msa na kumshusha Unguja. Ushahidi upo. Bwana Msa huvuta kiko kama Holmes. Ana rafiki, Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa, kama Watson. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa 1960, wala haifichi asili hiyo.

Haya, tukubali. Lakini ukimshitaki Abdulla, huna budi kumshitaki na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes.

Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alitunga kisa cha mauaji ya Paris. Mchunguzi wake, Dupin, ni mtu mpweke mwenye akili kali, na anayetusimulia ni rafiki yake asiyetajwa jina. Holmes alitokea 1887. Katika kitabu hicho cha kwanza Watson anamfananisha na Dupin, naye anachukizwa: Dupin si lolote, na ule mchezo wake wa kuingilia mawazo ya rafiki baada ya kimya cha robo saa ni kujionyesha tu. Kisha, katika kisa cha 1893, Holmes anamfanyia Watson mchezo uleule! Hucheka kila nikifika hapo. Doyle mwenyewe hakuwa na majivuno ya shujaa wake. Alikiri hadharani deni lake kwa Poe, na kwa Dk. Joseph Bell, mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh. Kiko nacho Dupin alikwisha kukivuta.

Nyuma ya Poe yupo Voltaire, ambaye Zadig wake wa 1747 anaeleza sifa za farasi asiyemwona, kwa kusoma alama njiani. Nyuma ya Voltaire kipo kitabu cha Venice cha 1557 kuhusu wana watatu wa mfalme wa Serendib, na nyuma yake Amir Khusrau aliyeandika kwa Kiajemi. Mwanahistoria Tabari, aliyefariki 923, anasimulia habari za wana wa Nizar waliomjua ngamia aliyepotea kuwa ni chongo, kwa kuwa alikula majani ya upande mmoja tu. Basi mbinu ya Baker Street iliandikwa kwa Kiarabu takriban miaka elfu kabla ya Holmes.

Kwangu mimi swali lenye uzito ni hili: Abdulla alikifanyia nini alichokichukua? Mafumbo ya Bwana Msa hukaa katika nasaba: ndoa zilizofichwa, mtoto asiyemjua baba, mirathi. Huwezi kumkamata muuaji kabla hujajua nani ni mwana wa nani, na hilo ni jambo la Unguja, wala Holmes asingelifumbua kwa kutazama tope la viatu. Mshitaki atanikumbusha kwamba maiti kukutwa mzimuni kunafanana na yule mbwa wa Baskerville katika kisa cha Holmes, mauaji yaliyovishwa joho la pepo. Kweli. Ila mzimu ule una wenyewe na una historia yao, hauhamishiki.

Sheria nayo inatofautisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hulinda kazi iliyotungwa, wazo tupu hailindi. Huko London mwaka 2006 Michael Baigent na Richard Leigh waliwashitaki wachapishaji wa Dan Brown, wakidai kwamba The Da Vinci Code ilibeba kiini cha kitabu chao cha 1982 kuhusu kizazi cha Yesu. Brown alikuwa amekisoma, na hata jina la mhusika wake Leigh Teabing limefumwa kwa majina yao. Wakashindwa, na rufaa ya 2007 ikatupwa. Walijifunga wenyewe, naona: waliyoyaandika waliyatoa kama historia, na historia haina hatimiliki.

Kunakili kurasa za mtu neno kwa neno ni kesi nyingine kabisa. Tutaifungua juma lijalo.